Fundi Anajibu: Kumimina Rezini Kwenye Samani za Mbao

Barua zilizotufikia kuhusu samani za mbao zilizopambwa kwa rezini ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu, kwa hiyo nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wasomaji wengine. Wengi wanaoandika huilaumu rezini, au duka lililowauzia. Lakini nikiyasoma maelezo yao kwa makini, mara nyingi naona kwamba kosa lilitendeka kabla ya kumimina, ama kwenye ubao wenyewe ama kwenye kipimo. Katika majibu haya, ninaposema rezini ninakusudia epoksi, kimiminiko kinachoganda kikawa kigumu, inayouzwa kwa chupa mbili, yaani rezini yenyewe na dawa ya kuigandisha, isipokuwa pale nitakapotaja aina nyingine.

SWALI: Fundi, salaam. Nilimimina rezini katikati ya mbao mbili ili nipate meza yenye mfano wa mto wa maji. Leo ni siku ya nne na bado inanata kila mahali. Nilitaka igande haraka, kwa hiyo niliweka dawa nyingi kuliko ilivyoandikwa. Je, nisubiri zaidi, au nipake dawa nyingine juu yake?

JIBU: Ndugu yangu, usipake chochote juu yake, na kwa hali uliyoieleza hata kusubiri hakutasaidia. Epoksi haikauki kama rangi, ambayo hupoteza maji au thina hewani. Huganda kwa sababu rezini na dawa huungana zikawa kitu kimoja kigumu, na kila kiasi cha rezini kinahitaji kiasi chake maalumu cha dawa. Ukizidisha dawa, ile ya ziada hukosa cha kuungana nacho na hubaki humo ikinata. Ukiipunguza, rezini ndiyo inayobaki bila mwenzake. Desturi ya kuzidisha dawa ili kuharakisha kazi imetoka kwenye rezini ya poliesta, ile yenye harufu kali inayotumika katika kazi za fibaglasi, ambayo dawa yake huwa kama asilimia 1 hadi 2 tu na inaweza kuongezwa au kupunguzwa kidogo kulingana na joto la siku. Epoksi haina nafasi hiyo. Ukitaka igande haraka, nunua iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, au pasha chumba joto.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata watu waangalifu. Kipimo kilichoandikwa kwenye chupa huwa ni cha ujazo au cha uzito, na viwili hivyo si kitu kimoja, kwa kuwa rezini ni nzito kuliko dawa yake. Bidhaa inayotaka sehemu 2 kwa 1 kwa ujazo inaweza kutaka gramu 100 kwa gramu 43 hivi kwenye mizani. Mtu akipima gramu 100 kwa 50 atakuwa amezidisha dawa bila kujua. Soma karatasi ya maelekezo ya bidhaa yako, uchague njia moja, na uishikilie mpaka mwisho wa kazi.

Kwa kuwa meza yako inanata kila mahali, kosa ni la kipimo. Ingekuwa ngumu kwa jumla lakini ina madoa laini hapa na pale, ningesema hukukoroga vya kutosha: mchanganyiko ulioshika kwenye kuta na chini ya chombo haukuguswa, nawe ukaukwangua na kuumimina pamoja na mwingine. Ndiyo maana inafaa kukoroga polepole kwa dakika 3 hadi 5 ukikwangua pembeni na chini, kisha kuhamishia kwenye chombo cha pili kilicho safi na kukoroga tena kabla ya kumimina. Na ingekuwa inanata kidogo tu katika chumba chenye baridi, chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, ningekushauri uongeze joto la chumba na usubiri siku kadhaa.

Kwa sasa kwangua yote iliyo laini mpaka ufike pagumu au kwenye mbao, ufute mabaki kwa kitambaa chenye asetoni, uache ikauke, upige msasa namba 80 au 120, ndipo umimine upya kwa kipimo sahihi. Ni kazi ya kuchosha na yenye uchafu mwingi, lakini rezini mpya ikimiminwa juu ya ile inayonata haitaiponya iliyo chini, itaifunika tu.

SWALI: Nitajuaje kiasi cha rezini cha kununua kabla ya kuanza?

JIBU: Zidisha urefu, upana na kina vya nafasi utakayoijaza, vyote kwa sentimita, kisha ugawanye kwa 1,000 upate lita. Mto wenye urefu wa sentimita 120, upana wa wastani wa sentimita 15 na kina cha sentimita 4 utahitaji lita 7.2. Ongeza asilimia 10 hivi kwa ajili ya nyufa na vitundu ambavyo huvioni. Kwa tabaka la juu tu, lenye unene wa milimita 3, mita moja ya mraba inakula lita 3.

SWALI: Nimemimina rezini isiyo na rangi juu ya ubao wenye vifundo na nyufa nzuri sana. Nilipitisha moto wa gesi, viputo vikapasuka, lakini baada ya saa moja vilikuwa vimerudi, hasa karibu na nyufa. Rezini hii ina hitilafu gani?

JIBU: Rezini haina hitilafu, ubao wako ulikuwa unapumua. Mbao ina mirija na vitundu vilivyojaa hewa, na hewa hiyo hutanuka inapopata joto, iwe la chumba, la jua, au la rezini yenyewe inapoganda. Ulipasua viputo vya juu, lakini chanzo chake kilikuwa chini, kikiendelea kutoa vingine.

Dawa yake ni tabaka la kuziba. Changanya rezini kidogo, uipake kwa brashi juu ya ubao wote, ukiisukuma ndani ya nyufa na vifundo na kuikandamiza kwenye ncha za mbao ambako nyuzi zimekatwa, kwa kuwa huko ndiko ubao unakokunywa zaidi. Tabaka hili liwe jembamba kiasi cha kutoonekana kama tabaka. Liache mpaka lifikie hali ya kunata kidole bila kukichafua, kisha umimine lile nene. Wajenzi wa mashua za mbao hufuata utaratibu mmoja ninaoupenda: hupaka tabaka la kuziba wakati joto la mbao linashuka, kwa mfano jioni, au baada ya kuutoa ubao mahali penye joto na kuuleta kivulini. Hewa iliyo ndani inapopoa husinyaa na kuivuta rezini ndani ya vitundu. Ukifanya kazi hiyohiyo asubuhi jua likiwa linapanda, utapambana na viputo mpaka mchana.

Kuhusu moto wa gesi, upitishe haraka na kwa mbali, bila kusimama mahali pamoja, na usiutumie kabisa ikiwa umepaka asetoni au spiriti karibuni. Moto unaokawia huunguza uso wa rezini na kuuacha na mikunjo.

SWALI: Kwa heshima naomba ufafanuzi. Nilijaza kasha la kina cha sentimita 6 kwa mara moja. Baada ya nusu saa rezini ilianza kutoa moshi, ikageuka rangi ya asali na kupasuka. Nilidhani imeshika moto.

JIBU: Ilikuwa karibu. Rezini hutoa joto inapoungana na dawa yake, na joto huharakisha muungano, nao muungano ulioharakishwa hutoa joto zaidi. Kwenye tabaka jembamba joto hilo hutoroka hewani na ubaoni. Kwenye wingi uliokusanyika mahali pamoja halina njia ya kutoka, kwa sababu rezini hupitisha joto kwa shida, na matokeo yake ndiyo uliyoyaona: moshi, rangi kubadilika, na nyufa zinazotokea sehemu ya ndani inaposinyaa kwa namna tofauti na ya nje.

Inaonekana ulinunua rezini ya kufunika uso wa meza. Hiyo ni nzito kama asali, huganda ndani ya siku moja hivi, na kwa kawaida hairuhusiwi kuzidi milimita 3 hadi 6 kwa tabaka moja. Kwa kina kama chako hutumika rezini ya kina, ambayo ni nyepesi, hukawia kuganda kwa siku 2 au 3 na wakati mwingine zaidi, na kutegemea bidhaa inaweza kumiminwa sentimita 2 mpaka 5 kwa mara moja. Hata hiyo, kwa sentimita 6, mimi ningeigawa mara mbili. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya kuganda huongezeka karibu maradufu. Kwa hiyo kipimo cha unene kilichoandikwa kwa chumba cha nyuzi 20 hakifai katika chumba cha nyuzi 32, na hapo punguza unene au ufanye kazi usiku.

Unapomimina tabaka la pili, wahi wakati la kwanza bado linanata kidogo, kwa sababu hapo matabaka huungana yenyewe. Likishakuwa gumu kabisa, lipige msasa namba 180 au 220 mpaka lote lipoteze mng'ao, ulifute vumbi, ndipo uendelee. Usiogope mikwaruzo, ikijaa rezini mpya haitaonekana.

SWALI: Meza yangu ilitoka vizuri na kila mgeni aliisifu. Baada ya miezi minane ufa umejitokeza kati ya mbao na rezini upande mmoja, na uso umepinda kidogo. Niliambiwa rezini ni gundi isiyoachia. Imekuwaje?

JIBU: Swali hili ndilo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Epoksi ni gundi yenye nguvu kweli, lakini hakuna gundi inayoweza kuuzuia ubao usisinyae. Nakisia kwamba mbao zako zilikuwa mbichi ulipomimina.

Mbao hupoteza na kupokea unyevu maisha yake yote kulingana na hewa iliyouzunguka, na kila inapofanya hivyo upana wake hubadilika, ingawa urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuhesabika. Kwa mbao nyingi upana hupungua takriban robo ya asilimia kwa kila asilimia 1 ya unyevu inayotoka. Chukua ubao wa sentimita 30 uliomiminiwa rezini ukiwa na unyevu wa asilimia 18, kisha ukakaa ndani ya nyumba mpaka ukafika asilimia 10: utakuwa umesinyaa kama milimita 6. Rezini iliyo pembeni yake haikusinyaa. Milimita hizo lazima zitoke mahali fulani, na zikishindwa kutoka kwenye kiungo zitaupasua ubao wenyewe au kuupinda.

Kwa samani za ndani, ubao uwe na unyevu usiozidi asilimia 12, na vizuri zaidi ukiwa kati ya 8 na 10. Mbao iliyokaushwa tanurini hufikia hapo kwa urahisi. Inayokaushwa kwa hewa huhesabiwa mwaka mmoja hivi kwa kila milimita 25 za unene, na hata hapo haiwezi kuwa kavu kuliko hewa ya mahali ilipo. Kipima unyevu cha mkononi ni kifaa ambacho ningekinunua kabla ya kununua hata chupa moja ya rezini. Usipokuwa nacho, upime ubao kwenye mizani kila baada ya siku chache na uandike uzito wake. Ukiendelea kupungua, bado unatoa maji, na hata ukionekana mkavu kwa nje usiuguse. Baada ya hapo uache ukae wiki kadhaa katika nyumba ambamo meza itatumika.

Yako mambo mengine manne yanayohusu meza yako. Gome lote liondolewe kwa patasi na brashi ya waya, kwa kuwa gome huachana na mti hata bila rezini, na kiungo chako kitakuwa kimeshikamana na kitu kinachobanduka. Mbao zenye mafuta ya asili, kama msaji, zifutwe kwa asetoni muda mfupi kabla ya kumimina. Na ulipomaliza juu, je, ulipaka chochote chini? Wengi huacha upande wa chini mtupu kwa sababu hauonekani, na unyevu hupita huko tu, upande mmoja ukatanuka na mwingine ukabaki ulivyo, meza hupinda. Pande zote zipakwe kwa usawa. Vyuma vya miguu navyo vifungwe kwa skurubu zilizopita kwenye matundu marefu, si ya duara, ili ubao upate pa kuteleza.

Ufa ulioupata unaweza kujazwa rezini nyembamba, lakini subiri kwanza. Acha ubao utulie, upime kwa miezi michache, na ufa usipoongezeka ndipo uujaze. Inafaa kukumbuka pia kwamba mto wa mezani si lazima uwe wa rezini: Greg Klassen, fundi wa Marekani ambaye meza zake za mto zilijulikana sana, alitumia kioo kilichokatwa kufuata ukingo wa mbao.

SWALI: Je, naweza kumimina juu ya meza ya zamani iliyopakwa vanishi?

JIBU: Unaweza, lakini rezini itashika vanishi, na vanishi ndiyo itakayoamua kama itashika mbao. Iondoe yote. Nta na polishi ya kung'arishia ni mbaya zaidi, kwa sababu rezini hukimbia juu yake na kuacha vijishimo.

SWALI: Ninatengeneza sinia na mbao za kukatia jikoni. Chupa imeandikwa kwamba rezini ni salama kwa chakula. Wateja wananiuliza, nami sijui niwajibu nini.

JIBU: Maneno hayo kwenye chupa huhusu rezini iliyopimwa sawasawa, ikachanganywa vizuri na kuganda kikamilifu, jambo ambalo kwa bidhaa nyingi huchukua siku 7 mpaka 30 hata kama inaonekana ngumu kesho yake. Rangi uliyoichanganya haimo katika ahadi hiyo isipokuwa nayo imeandikwa hivyo. Kwa sinia ya kuandalia, mpini, au ukingo wa bakuli, sioni tatizo. Kwa sehemu inayopigwa kisu siwezi kuikubali: kisu huikwaruza rezini, vipande vidogo huingia kwenye chakula, na mikwaruzo hubaki na uchafu usiosafishika. Weka rezini kwenye mpini au pembeni, na uache sehemu ya kukatia iwe mbao tupu iliyopakwa mafuta ya madini ya kiwango cha chakula.

Waambie wateja wako pia kuhusu joto. Epoksi nyingi zinazoganda kwa joto la chumba huanza kulainika kati ya nyuzi 50 na 70. Sufuria iliyotoka jikoni, au hata kikombe cha chai ya moto, vinaweza kuacha alama ya duara, na maji yanayochemka yatapinda kipande chembamba. Visioshwe kwa mashine wala kulowekwa.

SWALI: Kila ninapofanya kazi hii mikono inaniwasha, na safari hii macho yamevimba. Harufu ya rezini yangu ni ndogo sana, kwa hiyo nilidhani haina madhara. Je, nitumie mafuta gani kujikinga?

JIBU: Ndugu, acha kazi hii kwa sasa, na umwone daktari ukiwa na karatasi ya maelezo ya usalama ya bidhaa yako. Unayoyaeleza yanafanana na mzio wa epoksi. Mzio huu hujengeka taratibu kwa kuguswa mara kwa mara, na ukishaingia kwa kawaida hauondoki. Baadaye hata tone dogo au vumbi la rezini ambayo haijaganda vizuri hutosha kuuamsha. Uchache wa harufu si dalili ya usalama. Hakuna mafuta ya kupaka yanayochukua nafasi ya glavu.

Kwa wengine ambao bado hawajapatwa: vaeni glavu za naitraili, mzibadilishe mara zinapochafuka, na mikono mirefu. Rezini ikigusa ngozi, ioshwe kwa sabuni na maji, kamwe si kwa thina wala asetoni, kwa sababu hizo huiyeyusha na kuisaidia kupenya. Chumba kiwe na hewa inayopita, na anayefanya kazi kwa muda mrefu avae barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wowote. Wakati wa kupiga msasa tumia barakoa ya vumbi laini, na usipige msasa rezini iliyo na siku moja tu.

SWALI: Uso wa kazi yangu una utando kama wa mafuta, na sehemu nyingine kuna ukungu mweupe. Ilinyesha siku hiyo.

JIBU: Umejijibu. Dawa ya kugandisha imekutana na unyevu na hewa ya ukaa kabla haijamaliza kuungana na rezini. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ukaushe, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa utausambaza utando huo na tabaka linalofuata halitashika. Siku za mvua ahirisha, au fanya kazi katika chumba kilichokaushwa hewa.

SWALI: Rangi gani nzuri ya kuchanganya, na kwa nini kazi yangu nyeupe imegeuka njano karibu na dirisha?

JIBU: Unga wa ulanga, ule unaometa, na rangi nzito zilizotengenezwa kwa rezini ndizo zinazoaminika, zisizidi asilimia 5 hivi ya uzito wote, na epuka rangi za maji. Kwa ladha yangu, ubao wenye vifundo vizuri hauhitaji rangi tatu za kumeta kando yake. Unjano unatokana na mwanga wa jua. Rezini yenye kinga ya miale huuchelewesha, haiuzuii kabisa, na weupe ndio unaousaliti mapema kuliko rangi nyingine. Isogeze kazi yako mbali na dirisha, au safari ijayo uchague rangi iliyokolea.

SWALI: Nifanye nini na rezini iliyobaki chomboni? Nimezoea kuitupa kwenye pipa la takataka mara tu ninapomaliza.

JIBU: Usifanye hivyo tena. Rezini iliyojaa kwenye kopo, kama ile ya msomaji wa sentimita 6, hupata joto la kutosha kuyeyusha chombo cha plastiki na kuunguza karatasi zilizo jirani. Imimine mara moja kwenye sinia pana la plastiki ya polithini, liwe tabaka jembamba, uliweke nje kwenye sakafu ya zege mpaka igande. Haishiki polithini, kwa hiyo kesho yake utaibandua, na ikishaganda kabisa unaweza kuitupa pamoja na taka nyingine ngumu, au kuivunja vipande na kuvitumia kujaza nafasi katika kazi ijayo.